Dakika Tisa za Hospitali

Filamu ilikuwa ya mapenzi na vichekesho, angalau ndivyo bango lilivyodai. Lakini mhariri wake, binti mwenye macho mekundu kwa kukodolea kompyuta, alikuwa ameijaza kilio mpaka ungedhani ni matanga. Hadithi yenyewe ilikuwa ya wazazi wake. Mama alifariki mwaka uliopita, na tukio la hospitali peke yake binti alilivuta dakika tisa.

"Dakika tisa!" mtayarishaji alifoka. "Watu wanakuja kucheka, dada. Usipoifupisha kufikia kesho, nampa mwingine aimalizie."

Alishindwa. Kila akitaka kukata aliona anamzika mama mara ya pili. Akamwita baba yake studio, akitumaini angalau mzee atakuwa upande wake.

Mzee alitazama, mikono mapajani. Filamu ilipofika kwenye tukio la hospitali akakohoa.

"Mwanangu, mbona huyu mume analia tu? Mimi sikulia."

"Baba, usinifiche. Nilirudi na dawa nikawakuta wote wawili mnafuta machozi."

"Ya kucheka hayo! Siku ile nilivaa mbiombio, vifungo vya shati vikaenda kombo. Mama yako na mipira yake ya hewa puani akaniambia, 'Miaka thelathini nakufunza kufunga vifungo, bado! Sasa mtu atakufa vipi kwa raha?' Tukacheka mpaka muuguzi akatugombeza."

Binti aliduwaa. Mwaka mzima alikuwa amebeba machozi ambayo hakujua asili yake. Alimwonea wivu baba yake kwa kicheko hicho, kisha akaona haya kwa wivu huo.

Akafungua vipande vya filamu vilivyotupwa. Kimoja kilikuwa cha hospitali, kilichoachwa kwa sababu mwigizaji wa kiume alijiliza kupita kiasi akashikwa na kwikwi. Hik! Mke wake wa kuigiza akajitahidi kujizuia, wapi! Akaangua kicheko pale pale kitandani, na mume naye akafuata.

Binti alikata zile dakika tisa, akapachika kipande hicho. Kilikuwa cha dakika moja na kidogo.

Mzee alipokiona alicheka mpaka mabega yakatikisika, machozi yakimtiririka. Safari hii binti alikuwepo, akacheka naye.

"Rudisha nyuma kidogo," baba alisema. "Nimwone tena mama yako."