Kombe Lililofika Mtopanga

Velma Mweri alijifunza gofu akiwa kedi, akiwabebea wachezaji fimbo zao kila shule za Utange zilipofungwa. Baadaye akawa mchezaji wa kulipwa, na jina lake likajulikana hadi Kampala na Lusaka. Kisha akamzaa Kai.

Mumewe alikuwa baharia, mtu wa kuonekana kwa nadra, na mamake Velma alishafariki. Basi Velma akakaa nyumbani Mtopanga kulea, akawa anawaambia watu kwamba gofu ameiacha.

Mlango wa pili aliishi Mama Jacktone, mjane kutoka Siaya aliyeshona sare za shule. Siku aliyomsikia Velma akisema hivyo, alizima cherehani.

"Mtoto niachie mimi," alisema. "Wewe enda ucheze."

Velma alimweleza kwamba safari nyingine huchukua wiki nzima. Mama Jacktone akajibu kuwa aliwalea wanawe bila msaada wa mtu, na huyu mmoja hatamshinda.

Mwanzoni mambo yalikuwa magumu. Velma aliondolewa mapema katika kila shindano, akarudi kichwa chini. Kila aliporudi alimkuta Kai ameoga, ameshiba, amelala mkekani karibu na vitambaa. Akishaamkiwa shikamoo, Mama Jacktone hakumuuliza alishika nafasi ya ngapi. Alimuuliza kama amekula.

Mwaka uliofuata, kwenye ubingwa wa taifa kule Nairobi, Velma alifika shimo la mwisho akiwa sawa na bingwa mtetezi. Mpira wake ukaangukia mchangani. Akavuta pumzi, akautoa kwa pigo laini, ukaviringika hadi karibu na bendera. Mwenzake alikosa pigo lake. Velma hakukosa.

Jumapili akapeleka kombe kanisani kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wazee wa kilabu, na alipofika kwa jirani yake akamtaja kwa jina. Akamwomba asimame. Mama Jacktone aliinamisha uso, akakataa kwa mkono. Hapo Kai, aliyekuwa amepakatwa na shangazi yake Sidi, akachomoka. Hakwenda kwa Velma. Alikimbilia miguu ya Mama Jacktone, akaikumbatia, akimwita mama.

Mama Jacktone akamgeuza mtoto upesi.

"Mama yako ni yule pale," alimwambia.

Velma alihisi kitu kikimchoma moyoni, lakini kilipita. Akashuka na kombe lake, akaenda kusimama kando yao.

"Mwache aniite mimi na akuite wewe," alisema. "Hajakosea."

Mama Jacktone akasimama, machozi yakimtoka, na kanisa zima likapiga makofi.

Baadaye walikula wali wa nazi na samaki kwa Mama Jacktone. Kai alilala kabla ya kumaliza sahani yake. Ndipo mwenyeji akauliza, kwa mara ya kwanza, gofu huchezwaje hasa, na mtu hujuaje kwamba ameshinda. Velma akavuta kiti karibu, akaanza kumweleza, na chai ikapoa wakiwa bado wanazungumza.