Kichupa Nilichokiosha Mwenyewe

Kiwandani wananiita Bwana Suuza, na sijawahi kukasirika, maana jina nimelitafuta mwenyewe. Mwaka wa kumi na tisa huu naosha vyombo vya maabara ya sabuni, na mtu akirudisha chupa kabatini bila kuisuuza kwa maji ya magadi, namsema mpaka anatafuta pa kujificha. Tunaosha kwa asidi. Asidi inang'arisha kweli, lakini ukiacha hata tone lisiloonekana, litakuja kukuumbua, na magadi ndiyo yanayolimaliza. Hilo nimelihubiri mpaka koo limenikauka. Na bado.

Mke wangu alikuwa mkemia wa humohumo, upande wa manukato. Mimi darasani sikufika mbali, ila yeye alikuwa na subira, akanifundisha kwa vidole vitatu. "Hizi ni kaboni tatu," alisema. "Hizi mbili zinashikana kwa mikono miwili. Hii ya tatu, jirani yao, ndiyo imebeba mzigo. Hapo tunapaita nafasi ya aliili, na ni mahali pasipotulia. Asidi kidogo tu, mzigo unang'oka. Ukirudi, si lazima urudi palepale. Unaweza kukaa upande wa pili, na ile mikono miwili nayo ikahama." Nikamuuliza, kwani hasara iko wapi, vitu si ni vilevile? Akacheka. "Vilevile, mume wangu. Ila harufu si ile."

Alijitengenezea manukato yake ya nyumbani kwa mafuta yenye nafasi ya namna hiyo. Alisema yananukia maua mepesi na ganda la chungwa. Mimi pua yangu iliuawa zamani na mvuke wa asidi, nilimwamini tu. Mambo ya kiwanda aliyaandika daftarini. Haya hakuyaandika, aliyachanganya kwa pua. Mama yake, ambaye macho yake yalizima miaka mingi iliyopita, alimjua kwa harufu hiyo. Kabla binti hajatoa salamu mlangoni, mama keshasema, "Umechelewa."

Mke wangu alikufa mwaka jana, homa ya siku nne tu. Kwenye chupa yake ilibaki robo.

Tangu hapo kila Jumapili mchana nakwenda kwa mama mkwe, natia tone moja kwenye leso ya marehemu, ambayo mama alikataa katakata isifuliwe. Anaiweka puani, kisha ananiuliza habari za kazi. Niliwahi kumjaribu na mafuta ya pipa ya kiwandani, akanirudishia leso palepale. "Haya ni ya duka, baba." Sikurudia tena. Ile robo ndiyo iliyokuwa binti yake, hakuna nyingine.

Mwezi uliopita nikaona mafuta yanapungua yenyewe. Kizibo kilikuwa kimelegea. Nikachukua kichupa kizuri cha kizibo cha kusokota, nikakiosha kwa asidi, kwa mikono yangu. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya marehemu. Machozi yalikuwa yananilenga na sikutaka wenzangu waone, nikakipitisha kwenye maji mara moja, harakaharaka, nikakikausha, nikamimina yote humo. Magadi sikuyagusa. Mimi huyu.

Wiki tatu mama alikuwa kwa dada yake, sikwenda. Jumapili hii nikaingia, nikamwamkia, nikatia tone, nikampa leso. Akaisogeza puani, akaishusha. Kisha akakaa vizuri kitini na kuvuta shali yake mabegani, kama anayepokea mgeni.

"Umekuja na mwenzio," akasema.

"Niko peke yangu, mama."

"Usinifiche, baba. Nanusa waridi. Nilijua siku hii itafika, na sina kinyongo." Akageuza uso kuelekea mlangoni, pasipo na mtu. "Karibu, mwanangu. Kaa. Huyu ana gubu, lakini moyo wake mzuri. Marehemu alimvumilia, na wewe utaweza."

Nilifikiri nimwache hivyohivyo, aamini nimeoa. Ingekuwa rahisi kuliko ukweli. Lakini alikuwa anamtabasamia mtu asiyekuwepo, na mimi sikuweza kulitazama tabasamu lile.

"Mama, hakuna mwanamke," nikasema. "Ni yeye. Nimemharibu mimi."

Nikamshika mkono, nikamwekea vidole vyangu vitatu kiganjani, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Asidi, mzigo, upande wa pili. Akavipapasa kimoja kimoja.

"Kwa hiyo hakuna kilichopotea?"

"Hakuna, mama. Vyote vimo. Vimekaa kwingine tu."

"Basi rudisha."

"Sijui kurudisha. Aliyejua ni yeye."

Alivishikilia vidole vyangu muda mrefu. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane; mimi nimewasema watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Hakunitukana. Akanikabidhi leso.

"Kaifue," akasema.

"Si ulikataa isifuliwe, mama?"

"Nilikataa ilipokuwa yake."

Nikaenda uani, nikaifua kwa sabuni ya kawaida, nalia bila kujificha. Kisha nikaisuuza. Mara tatu, kwa maji mengi.