Mposaji Aliyezoea Bahari

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu uliufunika mlima Kwaraa, na baridi iliingia hadi jikoni, pale Nangara, ambako mjane Dorothea alikaa nyuma ya pazia akisali rozari. Sebuleni wazee walikuwa wakisikiliza posa yake. Marseli, kaka yake, akikataa, basi tena.

Mposaji alikuwa Mwingereza, Gervase Holt, admirali mstaafu aliyekuja Bonga, si mbali na Nangara, kusaidia parokia kuchimba visima, akabaki. Lakini siku ya posa mposaji hafungui kinywa. Mshenga ndiye mdomo wake. Na mshenga, mzee Eustace, alimmwagia sifa.

"Aliingia jeshi la wanamaji akiwa kijana mbichi. Akaongoza manowari, kisha kundi zima la meli. Hata mabomu yakianguka, haondoki mahali pake!"

Kila sifa ilimchoma Dorothea. Marehemu mume wake alikwenda machimboni, akarudi ndani ya jeneza. Machungu ya kungoja aliyajua.

"Mzee Eustace," alisema Marseli, "sisi tunatafuta shemeji, hatutafuti serikali." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Mke wake wa kwanza alipozikwa, huyu alikuwa wapi?"

Eustace akakohoa. Admirali akasimama wima.

"Baharini."

"Kaa chini, baba!" shangazi Edda alimkemea. "Leo mdomo wako ni Eustace!"

Mtu aliyeamuru maelfu akakaa kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Na juzi wamempigia simu kutoka kwao, arudi kazini," Marseli aliendelea. "Hajawakatalia. Nangara nzima inajua. Dorothea, njoo!"

Akaingia na rozari mkononi.

"Wageni hawa unawafahamu? Tuwapokee?"

Ee Mungu, nipe neno. "Nawafahamu, kaka. Ila kabla sijajibu hilo la pili, naomba nimsikie mwenyewe, si mshenga."

Shangazi Edda akashika mdomo. Katika ukoo wao jambo hilo halijawahi kufanyika. Marseli alimkazia dada yake macho. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Admirali alimgeukia Eustace kwanza, akingoja ruhusa. Alipoipata, akasimama.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi. Wakipiga simu tena, nitawaambia nina mke Nangara. Sitakwenda mahali ambapo Dorothea hawezi kwenda nami. Na siku akiugua, nitakuwa kando ya kitanda chake."

"Wapokeeni, kaka," alisema Dorothea.