Miezi Saba Bila Penisilini

Citoyen Onema, fundi wa reli mjini Kindu, alirudi na kaswende kutoka safari ya mji wa Kama. Muuguzi Kabedi alimchoma penisilini mara moja, kisha dawa ikakosekana miezi saba.

"Mpaka ifike, kila muntu na mukeka wake," Kabedi aliamuru.

Onema alimwomba Mungu alete treni yenye dawa. Mkewe Mauwa, mama wa watoto wanane, alilala vizuri, akanenepa, akaomba reli ipindike, treni isifike.

Treni ikaja na dawa. Mauwa akamkimbilia Kabedi.

"Mama, umwambie mume wangu dawa haikufika!"

"Siwezi. Geuka, na wewe unachomwa, labda alikuambukiza. Yeye anaanza upya, na wewe pamoja naye: sindano tatu, moja kila wiki, na hakuna kugusana mpaka ziishe."

Mauwa akafungua kikwembe kiunoni haraka.

"Choma, mama. Na hizo wiki, uzihesabu polepole."