Bunduki Mpya, Risasi za Baba

Mama Pacha aliingia dukani akiwa amekumbatia bunduki yake mpya kwa mikono miwili, kama mzazi anayetoka wodini na mtoto wa kwanza. Nyuma yake alikuja babake. Kabla hata ya mguu wake kuvuka kizingiti, sauti yake ilikuwa imeshafika kwenye kaunta.

"Risasi tunazo! Hatukuja kununua, tumekuja kupiga!"

Mwenye duka alicheka. Watu wote walimwita Kamanda, hata mkewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wawindaji wenye kibali cha kuwaondoa nguruwe pori mashambani. Kibali chenyewe kina idadi yake ya watu, na idadi ikitimia imetimia, hata uje umepiga magoti. Kwa sasa ilibaki nafasi moja tu, na nafasi hiyo ilikuwa ya huyu huyu mzee mwenye sauti. Tangu aiache, hakuna aliyethubutu kuitamka mpaka binti yake alipoiomba.

Watu walicheka wee. Fundi cherehani, mshonaji wa magauni ya harusi, akakimbizane na nguruwe? Kamanda hakucheka. Alimwambia anunue bunduki yake, aje Jumamosi, apige risasi tatu ndani ya duara la ukubwa wa kisosi, umbali wa mita mia. Akipata, nafasi ni yake. Akikosa, inakwenda kwa fundi magari wa mtaa wa pili, ambaye tayari alikuwa ameshaanza kutembea kiwindaji.

Basi Jumamosi ndiyo hiyo. Mama Pacha hakuwa na hofu. Alifundishwa kulenga na babake tangu akiwa msichana, kwa bunduki ya aina hii hii. Ndiyo maana aliponunua yake hakutaka kusikia habari ya aina nyingine. Kiwanda hakijabadilisha hata skrubu. Nafasi ile aliitaka kuliko alivyowahi kuitaka cherehani yake ya kwanza, na ile cherehani alikaribia kuilalia njaa.

Mzee alitua boksi kwenye kaunta kwa kishindo. "Hizi hapa. Vichwa vizito. Ikimgusa nguruwe, hapigi hatua ya pili."

Kamanda alichukua risasi moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kichwa chake kilikuwa kirefu, kimechomoza kwenye ganda kama shingo ya chupa. "Ulizipata wapi, Mzee? Mimi sijawahi kuziuza."

"Kwa rafiki yangu, alipohama. Alinigawia zote."

"Mzee wangu, usinielewe vibaya. Kila bunduki ina risasi inayoipenda. Hii bado mpya, hatujui tabia yake. Nina aina mbili tatu za kichwa cha wastani, tuzijaribu kwanza kabla ya mtihani."

"Bunduki haipendi wala haichukii," Mzee alisema. "Bunduki inatii. Anayependa na kuchukia ni mke." Akakitazama kiboksi ambacho Kamanda alikuwa ametoa rafuni, akakunja uso. "Na hivi ni nini? Vidonge vya mafua? Nafasi yangu haikaliwi na mtu anayefyatua vidonge. Mama, sikiliza nikuambie. Ukiziacha risasi zangu, basi na nafasi yangu iache."

Alimwita binti yake "mama" kila siku ya maisha yake, kwa upendo, na alilitumia neno hilo hilo kila alipotaka kumbana. Mama Pacha alimjua. Kubishana naye mbele ya watu ilikuwa kazi bure. Mzee angeweza kubisha mpaka duka lifungwe na yeye abaki akibishana na kufuli.

"Tutazipiga zote, Baba," alisema. "Zako kwanza. Halafu karatasi itatuambia."

"Karatasi!" Mzee aliguna. "Nimewinda maisha yangu yote, sijawahi kupiga karatasi."

Hilo lilikuwa kweli, na hakuwa peke yake. Wawindaji wa rika lake walijaribu bunduki kwa kopo. Kopo linawekwa juu ya kisiki, likianguka mambo yamekwisha, watu wanaulizana habari za familia. Karatasi waliwaachia wanagenzi. Mwanamume mwenye bunduki yake kuonekana amesimama mbele ya karatasi ilikuwa aibu, ni sawa na kurudishwa chekechea akiwa na ndevu. Hivyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona tundu la risasi yake mwenyewe.

Uwanja ulikuwa nyuma ya duka: meza nene ya mbao, mifuko ya mchanga ya kulazia mtutu, na kule mwisho, mbele ya tuta la udongo, fremu ya kubandikia karatasi. Mama Pacha alikaa, akaweka kitako begani, akavuta pumzi na kuitoa nusu. Alifyatua. Bunduki ilimpiga kikumbo cha nguvu. Akapiga ya pili, na ya tatu, bila haraka. Aliinuka akiwa na uhakika kabisa kwamba amepiga vizuri, jinsi anavyojua mshono umenyooka kabla hajaugeuza.

Kamanda alitazama kwa darubini. Moja ilikuwa juu kushoto. Moja chini. Ya tatu ilikuwa imeng'ata ukingo wa karatasi. Ndani ya kisosi hamkuwa na kitu.

"Nilitulia," alisema Mama Pacha. "Kamanda, mimi nilitulia."

Alitegemea babake angembwatukia. Mzee hakubwatuka. Alikuwa amesimama na mkono wake wa kulia mfukoni, na alipozungumza sauti yote ile ya kuingilia dukani ilikuwa imeisha.

"Ndivyo inavyoanza," alisema. "Unaona umetulia, kumbe mkono umeshakuacha."

Mama Pacha aliielewa kauli hiyo mara moja, na ilimuuma. Babake aliacha kuwinda baada ya kumjeruhi nguruwe badala ya kumwangusha. Mnyama yule aliingia kichakani akichechemea, na Mzee alimfuata kutwa nzima bila kumpata. Alirudi nyumbani amechafuka matope, hakula. Wiki iliyofuata aliuza bunduki. Akiulizwa, alijibu kwamba mkono umeisha, na tangu hapo mkono wenyewe aliutembeza mfukoni kama mtu aliyeficha kitu cha wizi. Hata chai alinywa kwa kushoto.

"Twendeni tukaangalie," alisema Mama Pacha.

Walitembea mpaka kwenye fremu. Mzee alibaki nyuma kidogo, kwa heshima ya kopo. Mama Pacha aliinamia karatasi, akaweka kidole kwenye tundu la kwanza, kisha la pili. Hayakuwa ya duara. Yalikuwa marefu, membamba, yamechanika.

"Hili siyo tundu la risasi," alisema. "Hili ni tundu la kifungo. Kamanda, hii kitu imepita ubavu."

Kamanda aliinama naye, akapiga mluzi. "Imepita ubavu kweli. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyopindwa, ndiyo inayoizungusha risasi iende sawa. Bunduki za aina hii zinazungusha polepole. Kichwa kizito ni kirefu, kinataka kuzungushwa kwa kasi. Kisipozungushwa hivyo, kinatoka kinayumba kama mlevi, na hakuna mkono duniani wa kukirudisha njiani." Alisimama wima, akamgeukia Mzee taratibu. "Ile yako uliyouza si ilikuwa hii hii?"

"Hii hii," alisema Mzee.

"Na hizi nzito ulianza kuzipiga lini?"

"Zile za zamani zilipoadimika."

"Kabla mkono haujaharibika, au baada?"

"Kabla," alisema Mzee. Alisogea mpaka kwenye karatasi, safari hii bila kujali chekechea, akayatazama matundu yale marefu moja baada ya jingine. Kisha hasira ikampanda usoni, hasira ya mtu aliyeibiwa na yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mwizi mlango.

"Lete hivyo vidonge vyako," alimwambia Kamanda.

Alikaa mezani. Alitoa mkono mfukoni, akavaa miwani, akalaza shavu kwenye kitako kama vile hakuwahi kuondoka pale. Alipiga risasi tatu za kichwa cha wastani. Kamanda alipoileta karatasi, matundu matatu ya duara yalikuwa yamekaa pamoja, kizibo cha soda kingeweza kuyafunika.

Machozi yalimtoka Mzee, na hakuyafuta. "Ulikuwepo," aliuambia mkono. "Muda wote ulikuwepo." Mama Pacha alimkumbatia kwa nguvu mpaka miwani ikaenda upande. Alifurahi kwa moyo wake wote. Furaha hiyo ilikuwa bado haijapoa Kamanda alipokohoa.

"Mzee, mimi ni mtu wa haki. Nafasi yako hakuna aliyeikalia bado. Ukiitaka, ni yako."

Nafasi moja, watu wawili. Wazo lilimjia Mama Pacha lenyewe, tena kwa sauti ya upole: angeweza kupiga pembeni kidogo tu, akasema mshipa ulimshtuka, na babake angerudishiwa kila kitu alichopoteza. Nani angejua?

Mzee alikuwa anamtazama. "Naitaka," alisema. "Siwezi kusema uongo, naitaka sana. Lakini sitaki kupewa. Kamanda, bandika karatasi mbili. Risasi tatu kila mtu, mwenye matundu yaliyobanana zaidi ndiye achukue nafasi. Na wewe, mama, mimi ndiye niliyekufundisha kupumua. Ukinihurumia nitajua, na hilo sitakusamehe."

"Sina mpango wa kukuhurumia, Baba," alisema Mama Pacha, na alipolisema tu akajua ni kweli. Risasi nzito zilishamdanganya kuhusu mkono wake; kupiga pembeni kungekuwa ni kumdanganya mara ya pili, sasa kuhusu mkono wa binti yake.

Mzee alipiga kwanza. Alipiga vizuri, zote ndani ya kisosi, akainuka akipangusa mikono. Mama Pacha alikaa. Risasi zile za wastani ziliingia kwenye bunduki bila kelele, na bega lilipokea kikumbo chepesi kisichoomba msamaha wala kutisha. Hakumfikiria babake, hakuifikiria nafasi. Alipumua, akatoa nusu, akafyatua. Akapumua, akatoa nusu, akafyatua. Ya tatu aliisubiri mpaka moyo ukae.

Kamanda alirudi na karatasi mbili, akazilaza mezani. Za Mzee: mbili zimegusana, ya tatu imekaa kando upana wa kidole. Za binti yake zilikuwa zimelana zote katikati ya kisosi, limebaki tundu moja lenye kingo tatu.

Mzee aliivua miwani, akaivaa tena. Alipima kwa kidole. Alipima tena, maana alikuwa mbishi, asingekufa bila kupima mara mbili. Halafu akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani cha kutikisa mabega, ambacho Mama Pacha alikuwa hajakisikia tangu bunduki iuzwe.

"Nafasi ni yake," alimwambia Kamanda. "Mwandike. Mimi leo nimeshindwa na mtu, si na mkono wangu." Akamvuta binti yake kwa bega, akacheka tena mpaka akakosa pumzi. "Kushindwa na mtu, jamani! Hamjui raha yake."