Ndege ya Novemba

Ajenti wa mji wa Wote alikuwa amesema Kavata, aliyempeleka kazi ya nyumba Uarabuni, atarudi na ndege ya Novemba. Novemba ikafika, mvua ikanyesha, na asubuhi moja Katunge akiwa nje anasugua sufuria akasikia mama yake, Kavata, akikohoa kwa kichaka cha mtoni.

"Susu, mum amerudi," akaambia nyanya yake.

"Amekula?" Susu akauliza, akaongeza maji kwa chai.

Kichakani kulikuwa na kandege kadogo ka kahawia, hakana rembo lolote. Mwalimu Mulei wa biolojia alikuja akachuchumaa. Akasema hako hutoka Uarabuni kila mwaka, hukaa chini kwa miti iliyosongamana, hula wadudu. Kwa macho wote ni sawa. Unakajua kwa wimbo tu, kwa sababu kanaiga kila kitu kamesikia.

"Haka kamekaa kwa dirisha ya jikoni ya mtu," akasema.

Kandege kakaimba pasi ikifuka mvuke. Kakaimba mlango ukifungwa na ufunguo kwa nje. Kisha, na sauti ya Kavata: "Madam, naomba simu. Nimwambie tu mtoto niko."

"Ni yeye," Susu akasema. "Lakini amekonda."

Wakakabeba na kiondo mpaka Wote. Ajenti alisikiliza yote huku akikoroga chai.

"Mama, hiyo ni sauti yake, sikatai. Lakini mimi niliahidi ndege. Hii si ndege?"

"Na msichana wangu?"

"Huyo sasa ndiye hakupanda."

Katunge akamsogelea ajenti. Kwa kiondo, kandege kakamsaidia: "Madam, naomba simu." Simu ya ajenti ilikuwa hapo mezani. Ajenti akaitia mfukoni.

Basi wakakarudisha kichakani. Kila alfajiri kabla ya shule Katunge alienda kukafundisha, polepole kama mtoto wa nasari: "Mum, rudi nyumbani." Aprili kakaondoka na wenzake.

Novemba kakarudi. Kakaimba ufunguo, kakaimba pasi. Kakaimba Katunge: "Mum, rudi nyumbani." Halafu Kavata, kwa haraka: "Katu? Niko—" na mlio wa dirisha likifungwa.

"Ameitika," Susu akasema, akaongeza maji kwa chai.

Katunge akaosha kikombe cha tatu, cha mama yake, akakiweka pale huwa anakiweka.