Maziwa ya Wachoma Betri

Maziwa yale niliyapigania mimi. Sisemi ili nisifiwe. Nasema kwa sababu wapo watakaokwambia uongozi uliyatoa kwa huruma, na mimi sijasahau: tuligoma siku tisa, watu sabini, tukakaa kwenye geti la kiwanda tukidai kila anayeyeyusha betri kuukuu apewe pakiti ya maziwa kwa siku, ya kuosha sumu tumboni. Siku ya kumi msimamizi akakubali huku anacheka. Kicheko kile kilipaswa kunishtua. Tuliomba maziwa; hatukuomba bafu wala mahali pa kubadilishia nguo.

Mimi walinifukuza baadaye. Mdogo wangu akabaki kwenye tanuri. Na kama wenzake wote, maziwa hayanywi. Baba gani atayameza peke yake na mtoto yuko nyumbani? Anaitia pakiti mfukoni mwa ovaroli, zamu ikiisha anarudi nayo. Bintiye, tuliyemwita Kasuku kwa vile alivyokuwa akiongea bila kuweka kituo, humrukia mlangoni, huichomoa, huing'oa ncha kwa meno.

Kasuku ana miaka minne sasa na maneno yanamtoroka. Mwaka jana alikuwa akinidaka njiani, "Baba mkubwa, umeniletea nini?" Siku hizi ananyoosha kidole tu. Tumbo linamsokota. Zahanati wamempa dawa ya minyoo mara tatu. Mara ya nne nilimpeleka mwenyewe, nikakataa kuondoka mpaka apimwe damu.

Majibu yalitoka juzi. Muuguzi aliyasoma mara mbili.

"Damu yake ina madini ya risasi, haya ya kwenye betri. Mengi. Huwa anacheza kiwandani?"

"Hajawahi kukanyaga."

"Basi yanamfuata nyumbani. Tafuteni yanapoingilia, leo hii. Na kilichokwisha kuharibika kichwani, siwezi kukuahidi kitarudi."

Jioni nilimngoja mdogo wangu mlangoni pake. Akaja, kijivu kuanzia kope hadi viatu. Mtoto akachomoa pakiti. Niliiwahi kabla haijafika mdomoni. Vidole vyangu viliacha alama juu yake, kama kwenye meza ya chumba kilichofungwa mwaka mzima. Kasuku akaangua kilio.

"We kaka, siku hizi unanyang'anya watoto?" mdogo wangu akacheka.

"Tazama mkono wangu."

"Vumbi hilo. Nalila miaka yote, na kitambi nimekuzidi."

"Wewe mtu mzima. Yeye ubongo ndio kwanza unajijenga. Muuguzi kasema..."

"Si maziwa yanaosha sumu? Si wewe uliyetuhubiria pale getini, umepanda juu ya pipa?"

Alinikata maini.

"Nilisikia mahali, nikasema. Hayaoshi kitu. Nilikosea, na msimamizi alijua nimekosea."

Shemeji alikuwa ameinama kwenye beseni, anafua. Akanyanyua ovaroli ya jana, chini yake vikaibuka vigauni vya mtoto katika maji yale yale.

"Baba Kasuku," akamwambia mumewe, "mimi hapa nafua nini?"



Asubuhi mdogo wangu alimwendea msimamizi, akamwomba mahali pa kuoga kabla ya kutoka.

"Kaoge kwako," akaambiwa. "Si mlitaka maziwa? Mnapewa."

Akayanywa huko huko, tumboni mwake mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Jioni akaja mikono mitupu, ovaroli ile ile mwilini, mimi nikiwa nimeketi na shemeji kizingitini. Kabla hatujamdaka, Kasuku alikwisha kumrukia. Akaingiza mkono mfukoni. Hamna kitu. Akaugeuza mfuko ndani nje, akautazama, kisha akautia mdomoni.

"Mtoe!" shemeji akapiga kelele.

Mdogo wangu alisimama ameinua mikono yote miwili juu, anaogopa kumgusa mwanawe, na mtoto ananyonya.